Jiko la Meya Ng'ambo ya Mpaka

Nimepita vijiji vingi katika maisha yangu, lakini sijaona watu wanaoangaliana dohani kama watu wa Courbefontaine. Sehemu nyingine mtu akitaka kujua habari zako atakuuliza. Pale anainua shingo, anatazama juu ya paa lako, anajua kama umeamka, kama unaumwa, kama una wageni, na kama mkeo amekasirika ukapikiwa viazi vya jana.

Si umbeya tu. Kijiji kina msitu wake, na kila mwaka mlinzi wa msitu huweka alama kwenye miti ya kukatwa, inagawanywa mafungu, na kila kaya inapata fungu lake la kuni. Na kaya ni nini? Wazee waliomaliza ubishi huo zamani walisema kaya ni moto. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, baada ya misa, meya na mlinzi wa msitu wanazunguka kijiji kizima macho juu. Dohani inayotoa moshi, hiyo ni kaya. Isiyotoa, hakuna mtu, hakuna kuni. Sheria ya serikali imeandikwa kwa maneno marefu zaidi, lakini Courbefontaine waliifupisha hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika mpaka ilipomfika Zélie Grosperrin.

Mimi nilikuwa nafika pale kila mwaka kabla ya Krismasi na mtambo wangu wa kupikia pombe ya plamu, wa shaba, juu ya magurudumu, unavutwa na nyumbu. Wenye miti ya matunda walikuwa wananiletea mapipa ya plamu zilizochacha, nami nawatolea pombe inayochoma mpaka masikio. Shule nimesoma vipande vipande, mwaka huku, miezi kule, lakini mtu anayekaa kando ya mtambo anasikia yote, maana karibu na moto kila mtu huja kukaa, na akishaonja kidogo husema.

Mwaka huo nilikuta Armand Grosperrin, mume wa Zélie, amezikwa. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa msituni na wenzake wakiangusha mwaloni wa kutengenezea paa la shule, kazi ya kijiji, haina malipo. Mti ukazunguka kwenye kisiki, ukamwangukia. Wakampeleka hospitali ya mjini, na Zélie akafunga nyumba akaenda kukaa naye. Alikuwa amemshika mkono siku ya Watakatifu Wote. Alipomrudisha kijijini alikuwa ndani ya sanduku.

Siku ya kugawa kuni Zélie alikwenda ofisi ya meya na nguo zake nyeusi. Kule kuni hugawanywa kwa namba zinazochotwa kwenye kofia, na zamu yake ilipofika, meya aliivuta kofia kwake asichote. Meya huyo alikuwa Anselme Vuillaume, mtu wa shingo nene, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, na aliyezoea kusema "kijiji kinataka" pale anapotaka yeye. Akamwambia mbele ya watu wote, kwa upole wa kuudhi:

"Bi Zélie, sheria si yangu. Tulipita, tukaangalia. Dohani yako ilikuwa baridi kama pua ya mbwa."

"Nilikuwa hospitali, Anselme. Unajua nilikuwa na nani."

"Pole sana. Lakini kuni wanapewa wenye moto."

Théodule, mlinzi wa msitu, alitazama viatu vyake. Wengine walitazama kofia. Hakuna aliyefungua mdomo, na hilo la watu kunyamaza ndilo Zélie alilolibeba kwenda nalo nyumbani, zaidi ya maneno ya Vuillaume.

Kila mtu alijua chanzo. Vuillaume alikuwa anataka bonde la Grosperrin, shamba la majani lililoko chini ya kijiji, pembeni ya kijito. Alikuwa amelitamani miaka na miaka ajenge nyumba mpya pale, kubwa, yenye kuonekana kutoka barabarani. Armand alimkatalia kila mara, na mara ya mwisho alimkatalia hadharani, siku ya soko, akasema afadhali awauzie vyura wa Brémoncey, angalau wao wanajua kuogelea. Brémoncey ni kijiji cha jirani, ng'ambo ya kijito, kwenye majimaji, na ndiyo maana watu wake wanaitwa vyura. Wao nao wanawaita watu wa Courbefontaine vichwa vya magogo. Hayo matusi yamekuwapo kabla hata ya kanisa. Soko zima lilicheka, na Vuillaume alicheka pia, lakini alicheka kwa meno tu.

Kwa hiyo nilipofunga nyumbu wangu uwanjani mwaka ule, Zélie alikuwa anachoma samani. Alianza na meza ndogo, akaja kwenye kabati la nguo la Armand. Jirani yake Ursule, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa anamwekea matita ya fito mlangoni kabla hakujapambazuka ili mtu asione. Zélie aliyarudisha yote mchana kweupe, akayaweka katikati ya njia, mbele ya mlango wa Ursule, ili kila mtu aone. Akasema hataki kuni za kunyemelea.

Siku moja alikuja kukaa kwenye mtambo wangu. Hakuwa na pipa, alikuja kuota moto, na hakuficha. Nilimpa kikombe, akakinywa bila kukunja uso. Halafu akasema kwamba ameamua kumuuzia Vuillaume lile bonde.

Nilimwambia sikutegemea. Nilimuuliza kama amechoka.

"Kuchoka? Ndugu yangu, mimi ndiyo kwanza naanza."

Akanieleza, na alinieleza taratibu kama mtu anayepanga vyombo. Watu wote wa rika la Vuillaume waliamini kijito ndicho mpaka wa Courbefontaine na Brémoncey. Zamani kilikuwa ndicho. Lakini baba yake Armand, akisaidiwa na Armand akiwa kijana, walichimba mfereji mpya wakakihamisha kijito mpaka ukingoni kabisa mwa bonde, ili majani yasioze. Maji yakahama. Mpaka haukuhama. Jiwe la mpaka lilikuwa bado pale kwenye mkondo wa zamani, limefunikwa na miiba, katikati ya bonde. Nusu ya bonde, ingawa shamba lote ni la Grosperrin, ilikuwa ndani ya kijiji cha vyura.

Nikamwambia, lakini mtu akinunua ardhi si anapima?

"Atampeleka nani apime? Kibali cha kujenga kinatolewa na meya. Meya ni yeye. Atajiandikia mwenyewe na kujipongeza." Akageuza kikombe juu chini kuonyesha kimeisha. "Wewe ni mtu wa kupitapita. Mdomo wako je?"

Nikamwambia mdomo wangu una kazi ya kuonja pombe, hauna nafasi ya kazi nyingine.

Akamuuzia. Kijiji kilisema ujane umemvunja, maskini, baridi imemfundisha. Wanaume walimsalimia kwa sauti ya kuhurumia. Kwa mwanasheria wa mjini vipande vya ardhi vilisomwa vyote kwa namba zake, hiki na kile, hapakufichwa kitu, lakini Vuillaume alikuwa dirishani anaangalia kama kuna mtu anayelikodolea macho trekta lake jipya. Akatia sahihi kama mtu anayepiga chapa ng'ombe.

Mimi niliyafuata mengine kwa vipande, maana nilikuwa safarini, lakini mwaka huo nilijikuta napita Courbefontaine mara nyingi kuliko kawaida. Sikuweza kukaa mbali. Majira ya kuchipua nilikuta wamepiga kamba za msingi. Zélie alikuwa amesimama ukingoni na kikapu chake, anatazama kama mtu anayehuzunika. Vuillaume alikuwa pale na fundi, wanabishana jiko likae upande gani. Fundi alitaka liwe karibu na barabara.

Zélie alisema, kama anajisemea, kwamba ndiyo, fundi ana akili, jiko likae barabarani. Likiwekwa upande wa maji, moshi wote utakwenda Brémoncey, na vyura watakaa wananusa chakula cha meya wetu kila Jumapili.

Vuillaume alivuta pumzi. Nilimwona anavyofikiri, ilikuwa kazi ya kuonekana. Halafu akamwambia fundi kwamba jiko litakaa upande wa maji. Na dohani iwe kubwa.

"Wanuse," akasema. "Ndicho ninachotaka."

Zélie aliinama kuchuma majani ya sungura ili asionekane uso.

Nyumba ilipanda majira yote ya joto. Vuillaume alihamia kabla ya baridi, yeye, mkewe, mwanawe Evrard na mke wa Evrard, na watoto wa Evrard ambao walikuwa wengi na wenye kelele. Wafanyakazi wake wawili nao aliwapa vyumba nyuma ya zizi jipya, pamoja na familia zao. Nyumba ya zamani, iliyokuwa mkabala na kanisa, ikageuzwa ghala la nyasi. Hakubakisha hata jiko la chuma ndani yake. Zélie aliniambia kwamba siku walipolitoa lile jiko la zamani na kulipakia kwenye gari la kukokotwa, alikwenda kanisani kuwasha mshumaa, na hakuwa mtu wa mishumaa.

Siku ya Watakatifu Wote nilihakikisha nipo. Misa ilipoisha, Vuillaume alitoka na mkanda wake wa umeya wa rangi tatu, Théodule nyuma yake, na watu wakawafuata kama kawaida, maana ni matembezi ya kungojea chakula cha mchana. Walizunguka. Dohani ya Zélie ilikuwa inatoa moshi mweusi mzito. Baadaye nilijua alikuwa anachoma miguu ya kitanda. Vuillaume aliitazama, akasema haya, kaya, kama anayetoa sadaka.

Walipofika bondeni Zélie alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa na mundu, na kamba yake ya kuanikia nguo imeviringwa begani. Pembeni yake alisimama mtu mwembamba mwenye kofia iliyobonyea, ambaye hakuwa wa pale. Alikuwa meya wa Brémoncey, Bwana Prosper Chagnot. Watu waliguna kumwona chura mwenyewe siku kama hiyo.

Vuillaume alimuuliza Zélie anafanya nini kwenye ardhi yake. Zélie hakumjibu. Alifyeka miiba, akafyeka, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia. Likatokea jiwe. Alilifuta kwa aproni. Upande mmoja lilikuwa na C, upande mwingine B, zimechongwa kwa kina, na hata wasiojua kusoma walizielewa.

Akafunga kamba kwenye jiwe. Jiwe la pili kila mtu alilijua, liko pale chini kwenye kisima cha kufulia, wanawake wamekuwa wakilikalia tangu zamani bila kujiuliza kwa nini lipo. Alimpa Théodule ncha ya kamba.

"Wewe ndiye mlinzi," akamwambia. "Nyoosha."

Théodule alimtazama meya wake, kisha akamtazama Zélie, na nadhani alikumbuka viatu vyake alivyovitazama mwaka uliopita. Akanyoosha. Kamba ilifika ukutani mwa nyumba. Mke wa Evrard, ambaye hakuelewa chochote, alifungua dirisha kwa adabu, wakaipitisha ndani. Ilikatiza sebule, juu ya kitanda cha mtoto, ikatokea dirisha la pili, ikafika kisimani. Mlango wa mbele, ngazi na kiti cha meya vilikuwa Courbefontaine. Jiko, moto, chungu kilichokuwa motoni na dohani kubwa vilikuwa Brémoncey.

Halafu Bwana Chagnot alivua kofia, akamwambia Vuillaume kwa heshima kubwa karibu sana nyumbani.

Ndipo kicheko kilipopasuka. Sijasikia kijiji kikicheka namna ile, wanaume wamejishika mbavu, wanawake wanafuta machozi kwa mitandio ya misa. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kama chura, wakapokea wote. Vuillaume alikuwa mwekundu, halafu mweupe. Alisema huo ni upuuzi, yeye ni mzaliwa wa hapa, baba yake ni wa hapa, na babu yake.

Zélie alisubiri mpaka wakatulia. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa:

"Pole sana, Anselme. Lakini kuni wanapewa wenye moto. Na moto wako uko kwa wenyewe."

Siku ya kofia jina la Vuillaume halikuitwa. Angeweza kuvumilia kukosa kuni, kuni angezinunua. Hakuweza kuvumilia ile sauti ya chura iliyomfuata kila kona, dukani, kanisani, hata watoto wakiwa wamejificha nyuma ya ukuta. Alivua mkanda wake akauacha juu ya meza ya ofisi. Akasema vizuri, kama yeye ni wa Brémoncey basi ni wa Brémoncey, yeye na watu wake wote. Jumatatu iliyofuata watoto wa Evrard na watoto wa wafanyakazi walivuka kijito kwenda shule ya vyura.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza kuisha. Mwalimu, Bi Ravier, alihesabu madawati. Mkaguzi akaja na koti refu, akahesabu naye, akasema kwa watoto waliobaki serikali haiwezi kuweka mwalimu. Shule ingefungwa Pasaka. Mwenye duka akasema shule ikifungwa, naye hana sababu ya kubaki, maana akina mama hununua mkate wanapowapeleka watoto. Padri akasema hili na lile. Watu walianza kuhesabiana wenyewe kwa wenyewe kama kuku jioni, nani kabaki, nani ataondoka, na kila walipomaliza kuhesabu walitazama nyumba ya Zélie.

Wakamtuma Ursule. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta chupa. Ursule aliingia bila kuvua kilemba, akakaa ukingoni mwa benchi, akazunguka maneno sana mpaka akafika. Watu wamezungumza. Vuillaume yuko tayari kurudi, na watoto wote, kama Zélie atakwenda kwa mpima ardhi na kusema kwamba jiwe lilisukumwa, kwamba Armand aliwahi kulisogeza kwa jembe. Neno moja tu. Armand yuko kaburini, halimdhuru.

Zélie alikuwa anamenya turnipu. Hakuacha.

"Kwa hiyo mume wangu awe mwizi wa mipaka."

"Mwenzangu, ni kwa ajili ya shule. Wajukuu zangu watatembea mpaka Brémoncey kwenye theluji."

"Paa la shule hiyo ndilo lililomuua Armand, Ursule. Aliwaangushieni mwaloni. Mlipata paa. Mimi nikanyimwa kuni mkiwa mmesimama, wewe ukiwamo, na mdomo wako huu unaoongea vizuri leo ulikuwa umefungwa."

Ursule alisema aliogopa. Alisema alimwekea fito.

"Gizani," akasema Zélie.

Ursule alilia. Mimi nilitaka kutoka lakini mlango ulikuwa upande wao. Ursule alimwita Zélie kwa jina la utotoni, akamwambia ameshinda, kila mtu anajua ameshinda, Vuillaume hana uso tena, sasa anataka nini zaidi. Zélie alifikiri kweli. Nilimwona akifikiri, kisu kimesimama hewani.

"Sitaki zaidi," akasema. "Nataka hiki hiki, kiendelee."

Ursule aliondoka, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Wala wengine. Shule ilifungwa Pasaka kama ilivyosemwa. Mwenye duka aliondoka mwezi wa Juni.

Nilirejea majira ya baridi yaliyofuata. Mapipa yalikuwa machache. Mafungu ya kuni, kwa upande mwingine, yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote, maana kaya zilikuwa zimepungua na msitu ulikuwa ule ule. Zélie alikuwa amechota namba nzuri mno: mialoni mitatu iliyosimama karibu na njia, mmoja wao mkubwa kiasi kwamba watu wawili hawangeweza kuukumbatia. Lakini kuni za msitu hutolewa zikiwa bado miti. Kila mtu akate lake, na kwa wajane ni desturi wanaume wa kijiji wajigawie siku za kuwakatia. Mwaka huo kila mwanaume alikuwa na kazi. Mmoja ng'ombe wake anazaa, mwingine mgongo, mwingine hakutoa hata sababu. Na fungu lisilokatwa kufikia mwisho wa baridi hurudi kwa kijiji.

Nilimkuta msituni asubuhi, peke yake, na ule msumeno mrefu wa Armand wa kuvutwa na watu wawili. Alikuwa ameuweka kwenye shina la mti mkubwa, anauvuta upande mmoja, unapinda, unakwama, anaukwamua, anauvuta tena. Gome lilikuwa limechanika kidogo tu. Alikuwa amevaa suruali ya marehemu, ameifunga kiunoni kwa kamba.

Nikamwambia aanze na ile midogo.

Hakunitazama. Akasema ile midogo hata mtoto anaweza, huu ndio wanaosubiri kuona kama utabaki umesimama.

Pale njiani likapita trekta la Evrard, limevuta gari lenye makaa ya mawe kutoka mjini. Baba yake alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia, kola imepandishwa. Evrard alipunguza mwendo, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya matope. Vuillaume na Zélie walitazamana. Alikuwa amezeeka mno yule bwana kwa muda mfupi. Nilidhani atasema kitu. Nilidhani hata atashuka, maana alikuwa mkata miti mzuri alipokuwa kijana, na alikuwa amewahi kushika ncha ya pili ya msumeno ule ule, na Armand upande wa huku, kabla ya mambo ya bonde.

Zélie alitema mate pembeni, akakanyaga vizuri.

"Mwenda-njia," akaniita, "umekuja kuota jua? Shika huko."

Nikafunga nyumbu kwenye mti, nikapiga magoti kwenye majani yaliyoganda, nikashika. Trekta lilikuwa bado linanguruma pale, halijaondoka.

"Vuta," akasema.

Nikavuta.